Maswali ya Jumatano, Katuba

Ndaya huja na makaratasi yake saa tisa,
jua la Septemba limekaa juu ya mabati kama mdai.
Tuko kumi na wawili katika ukumbi wa parokia,
kumi na watatu ukimhesabu Mwelwa,
ila tangu kipupwe kimfunge mdomo
watu husahau kumhesabu.

Daktari alisema akili ni baiskeli,
isipoendeshwa inashika kutu.
Basi kila Jumatano tunaendeshwa.
Wiki iliyopita ilikuwa mito ya Ulaya.
Leo ni Japani, majira ya machipuko.

"Machipuko ndiyo nini?" anauliza Feza,
aliyeuza masuku miaka arobaini soko la Kenya
(Kenya mtaa wetu, si ile nchi).
Ndaya anatafuta maneno: baridi imekwisha,
joto halijafika, miti inafufuka.
"Ah! Wiki ile pori linapokuwa jekundu
bila kuiomba mvua ruhusa.
Ungesema hivyo, mwanangu."

Ndege gani huwaambia Wajapani kwamba baridi imeondoka?
Kapend anasema jogoo.
Kapend husema jogoo kwa kila swali lenye mabawa.
Ni uguisu, mdogo, rangi ya jani lililokauka,
husikika kwanza, kuonekana baadaye.
"Kama mama mkwe," nasema mimi,
na napewa nusu alama.

Tarehe tatu Machi wanapanga wanasesere kwenye ngazi nyekundu.
Wakichelewa kurudishwa sandukuni, inasemwaje?
Kwamba binti wa nyumba hiyo atachelewa kuolewa.
Sote tunamgeukia Ndaya.
Ndaya anageuza karatasi haraka.

Sasa maharage. Mwanzoni mwa Februari
wanarusha soya za kukaanga mlangoni:
mashetani nje, heri ndani!
Halafu kila mtu anakula. Punje ngapi?
Idadi ya miaka yake.
Ukumbi unachangamka.
"Mimi nimeandikwa *kuelekea 1944*," anasema Feza,
"padri alikuwa na haraka. Nile ngapi?"
Kula themanini, mama, uongeze moja ya padri.
"Kwa meno gani?" anauliza Kapend.
Marehemu wangu angekula hamsini na tatu.
Nazihesabu kwa vidole chini ya meza,
kumi, kumi, kumi, kumi, kumi, tatu,
na vidole saba vinabaki havina kazi.

"Swali jingine. Maua ya sakura
huchanua nchi nzima siku moja?"
Ndiyo, nasema, kama jakaranda zetu za mjini,
usiku unalala barabara ni kijivu,
asubuhi unakanyaga zambarau.
Hapana, anasema Ndaya. Yanaanza kusini,
Januari, kwenye visiwa vya joto,
kisha yanapanda kaskazini mji kwa mji
mpaka Mei. Watu husikiliza habari
kujua maua yamefika wapi.

"Sakania."

Sauti kama breki yenye mchanga.
Hakuna aliyejua imetoka kiti gani.

"Mokambo," anasema Mwelwa.
"Lubumbashi. Likasi."
Miaka thelathini aliendesha treni,
na mkono wake wa kulia, ule uliopona,
unasukuma kitu ambacho sisi hatukioni.
"Tenke." Anapumua. "Bukama."

Hapo ananyamaza, kidole hewani.

"Kamina," anamsaidia Kapend, taratibu.
Mwelwa anatikisa kichwa. Bado.
Yeye ndiye anayejua daraja la Lualaba,
anajua mtu haondoki Bukama
kwa sababu abiria wamechoka.

Ndaya ameweka makaratasi sakafuni.
Feza amefumba macho, midomo inacheza,
nadhani yuko kwenye punje ya sitini.
Mlangoni upepo unasukuma vumbi, halafu unaliacha.

Saa kumi na moja mjukuu amekuja kumchukua,
funguo za pikipiki zinalia mkononi.
"Babu, twende?"

Bado yuko Bukama, namwambia.
Vuta kiti.