Binti Mfalme wa Mnara wa Mbao

Paukwa! alisema mtangazaji,
na watu sabini waliolipwa kupiga makofi
wakaitika walivyofundishwa.

Mnara wangu ulikuwa mbao nyembamba
zilizopakwa rangi ya mawe,
ndani ya kiwanda cha soksi kilichofungwa
pale Kaunas, ng'ambo ya mto.
Nilivaa taji la plastiki na gauni
lililobanwa mgongoni kwa pini kumi na moja,
maana aliyelivaa kabla yangu alikuwa na kifua.

Mimi ni Skaidrė, miaka thelathini na tisa.
Natengeneza lifti.
"Hilo usiliseme," alininong'oneza Ugnius, msaidizi wa mwongozaji.
"Sema unapenda machweo."
Nikasema napenda machweo.

Wachumba watatu, kila mmoja ndani ya kichwa cha mnyama:
Korongo, Nungunungu, na Dubu.
Uso haufunuliwi, ndiyo sheria,
mpaka kengele ya saa sita usiku,
ambayo siku hiyo ililia saa tisa alasiri
kwa kuwa ukumbi ulikodiwa mpaka saa kumi.

Korongo aliniita nyota,
kisha jua,
kisha, maneno yalipomwishia, taa.
Nungunungu akahesabu alivyo navyo:
nyumba kando ya ziwa, boti,
mke wa zamani asiyesumbua.
Dubu akakohoa.
"Humu ndani joto," alisema. Watu wakacheka.
Hakuwa anatania.

Kisha wapande mmoja mmoja kwa lifti ndogo ya dhahabu
kuja kupiga goti na ua la karatasi.
Korongo akapanda, akashuka.
Nungunungu akapanda, akashuka.
Dubu akapanda
nusu.

Ule mlio naujua hata usingizini:
kamba imeruka kapi.
"Joka!" mtangazaji akabuni papo hapo. "Joka limemkamata!"
Mimi, kwa mujibu wa karatasi, nilipaswa kulia.

Nikavua viatu.
Mnara kwa nyuma hauna ukuta,
una misumari, nyaya, na kikombe cha chai cha mtu.
Nikashuka kwa jukwaa la mafundi,
gauni likaachia pini moja, ya pili, ya tano.
Ndani ya kizimba Dubu amejikunja,
kichwa chake kikubwa kimegusa dari,
simu mkononi inawaka.
Hakuniambia nisubiri wanaume.
Aliuliza, "Nikumulike wapi?"

Nimewahi kupendwa, msidhani.
Mmoja alinifichia pete ndani ya keki,
nusura nipoteze jino.
Lakini swali lile sikuwahi kuulizwa na mtu,
na mikono yangu, iliyokwisha kushika kamba,
ilisahau kwa nukta moja kazi yake.

"Kulia kidogo. Hapo. Usitikisike."
Hakutikisika.

Hayo yote waliyakata.
Kwenye runinga mlango unafunguka, muziki,
Dubu huyo na ua lake.
Kengele ikalia, vichwa vikavuliwa.
Korongo alikuwa mzuri kwelikweli, ukumbi mzima ukaguna.
Dubu alikuwa na nywele zilizoganda kwa jasho
na uso unaokutana nao benki ukausahau mlangoni.
Nikanyoosha mkono kumchagua,
nikamwachia shavuni vidole vinne vya grisi.

Mama akapiga simu kutoka Panevėžys:
"Mbele ya taifa zima, Skaidrė! Hukunawa?"
Halafu, baada ya kimya,
"Na huyo, anafanya kazi gani?"
Sikuwa nimemuuliza.
Jina tu nilijua: Tautvydas.

Zawadi ilikuwa siku mbili kwenye kasri,
kasri ambalo siku hizi ni hoteli.
Lifti yao inakwaruza ikikaribia ghorofa ya pili.
Nilijizuia Ijumaa. Nikajizuia Jumamosi yote,
nikitazama machweo, ambayo ni mazuri, sikatai.
Jumapili asubuhi nikaomba bisibisi mapokezi.
Tautvydas alikuwa ameshafika mlangoni pa lifti,
na tochi ya kweli,
betri mpya.