Viatu vya Mvumi

Wa kwanza, pale Barabara ya Sita,
alinifungulia kompyuta kabla sijakaa.
Maharusi thelathini, shingo zote zimelalia upande uleule,
wote weupe kama sembe iliyokobolewa mara mbili.
Nikamgusia mmoja: Huyu nani?
Akataja jina. Nilisoma naye Msalato, kitanda kwa kitanda.
Sikumjua.

Wa pili ana droni.
Huitaja kama mtu anavyotaja ng'ombe wake.
Itapaa, alisema, itaona mabati yote ya Nkuhungu.
Mimi nikawaza upepo wa mwezi wa nane,
ambao hapa kwetu huamua mengi kuliko kamati.

Wa tatu alitaka tupande Mlima Simba alfajiri,
mimi na shela, viatu mkononi,
kisha twende Hombolo tusimame katikati ya mizabibu,
"kama vile shamba ni lenu."
Baba yake Lameki, mkwe wangu mtarajiwa,
amechuma zabibu za watu miaka kumi na minane.
Hajawahi kupigwa picha nazo.

Shangazi Damari, mwenyekiti wa kamati,
ametenga laki saba, na hapo ndani nauli ya keki.
"Tafuta wa bei," anasema. "Picha ni picha."

Lakini mimi natembea na bahasha.

Ndani kuna picha moja,
harusi ya mama na baba, Mvumi, mwaka tisini na moja.
Mpigapicha alikuja kwa baiskeli kutoka mjini
na filamu ya picha thelathini na sita
na kiu isiyo na idadi.
Pombe ya uwele ilikuwa nzuri, wanasema.
Filamu ikaingia mwanga. Ikapona moja,
na hiyo moja haina vichwa:
pindo la gauni, suruali ya baba iliyokimbia kifundo,
miguu minne vumbini,
na nyuma kidogo, kwato za mbuzi asiyealikwa.

Tangu siku hiyo mama hufumba macho
kamera ikiinuliwa.
Kwenye kitambulisho cha taifa walimrudisha mara tatu.
Kwenye mahafali yangu, amefumba.
Ubatizo wa Ndahani, amefumba,
kama mtu anayengoja sindano.

Basi kila nilikoingia niliiweka ile picha mezani,
nikanyamaza.
Wa kwanza: "Vichwa tunaweka. Siku hizi kuna programu."
Wa pili alicheka mpaka akashika meza.
Wa tatu, simu yake iliita.

Wa nne ni mwanamke, Eselina Mnyambi,
kachumba nyuma ya duka la mbegu, Majengo,
hupiga pasipoti saizi, hutoa fotokopi.
Kamera moja, mkanda wake umeshonwa kwa uzi wa viatu.
Alifuta vidole kwenye kanga kabla ya kuishika.
Akaisogeza mlangoni penye mwanga.
Wateja wawili walikuja, wakachoka, wakaondoka.
Kisha akasema: "Viatu hivi si vyake."
Nikasema, ndiyo, si vyake.
"Kisigino kimebaki nje. Ni vya nani?"

Sikujua.
Miaka yote hii, na sikujua.

Nikampigia mama palepale, spika wazi.
Kimya. Nikasikia kuku wake,
nikasikia kigoda kikivutwa.
"Vya Perusi wa kwaya," akasema.
"Alisimama ibada nzima pekupeku, nyuma ya nguzo,
ili mimi nivae. Na vilinibana!"
Akacheka, kicheko nisichokuwa nacho kwenye picha hata moja.
"Kwani nani anauliza?"
Eselina akainamia simu: "Mbukwa, mama."

Nililipa kianzio, elfu hamsini.
Shangazi atasema. Na aseme.
Eselina akavuta daftari la kaunta.
Hakuanza na jina langu. Aliandika:
*Mama. Asiambiwe. Apigwe akiwa anaongea.*
Mstari wa pili:
*Perusi. Yuko hai? Aje.*
Akafikiri kidogo, kalamu mdomoni,
akaongeza chini:
*miguu.*