Ritifaa

Saa tatu usiku, Migosi, stima imerudi.
Wakili, ambaye kwao jua bado linawaka,
ananiambia: "Thibitisha kwamba wewe si wa kawaida."
Nami nililelewa na muuza omena wa Kibuye
aliyeapa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Basi leo najitembeza,
kurasa mia tatu, kila moja na namba yake.

Anataka tuzo. Ninayo moja,
kikombe cha hesabu cha darasa la saba,
sikio moja limevunjika.
Anataka gazeti. Lipo,
lilinipiga picha nimefumba macho
na chini yake likaniita "bwana".
Anauliza mshahara. Namtajia.
Kimya kidogo. Tunasonga mbele.

Anataka barua.
Nampa ya Sista Dorsila, zahanati karibu na Ahero,
karatasi ya daftari, mhuri wa zambarau umekaa upande:

"Mwaka ule mashine ilimkataa kila mama
mwenye ng' kwenye jina.
Ong'ondo ikamtema. Ng'ong'a ikamtema mara mbili.
Tukawaandika bila alama,
Ang'ayo akaingia faili ya Angayo,
nusura tumtie damu isiyo yake.
Huyu binti alikuja kwa bodaboda
na kompyuta ndani ya gunia la mpunga.
Alikaa siku mbili, alikula tulichokula.
Tangu hapo mashine inatuita kwa majina yetu."

Wakili anasoma, nasikia anavyopumua.
"Nzuri," asema, "lakini hana cheo.
Tena anakujua.
Tafuta mtu asiyekujua.
Huyo ndiye ataaminika."

Profesa wa mbali, sijawahi kumwona,
akanijibu kwa upole mistari miwili:
andika mwenyewe, nitatia sahihi.

Sasa nimo ndani ya mdomo wa mgeni
najisifu kwa sauti yake.
"Ni miongoni mwa wachache duniani." Nafuta.
"Ni miongoni mwa wachache." Nafuta.
Narudisha dunia.
Ulimi mkavu kama niliyelamba jivu.

Babu yangu, kule Seme, alikuwa akilipa shilingi
nyatiti inyamaze, asimame:
"Mimi dume la Kombewa,
kivuli changu peke yake kina ng'ombe kumi!"
Watu wakaanguka kwa kicheko, akaketi, nyuzi zikaendelea.
Pakruok. Hakuna aliyemdai ushahidi.
Alijigamba mbele ya waliojua deni lake dukani,
waliojua paa lake linavuja wapi,
na utamu wote ulikuwa hapo.

Mimi najigamba kwa afisa
ambaye hatawahi kusikia mvua ya saa kumi
ikilipiga bati la Migosi.

Mwishoni inabaki fomu yenyewe. Jina la ukoo:
Ang'ienda.
Kisanduku kinageuka chekundu. Herufi batili.

Nacheka peke yangu, jirani anagonga ukuta.
Najua kosa lililipo, najua hata mstari wake,
ningelirekebisha kabla chai haijapoa.
Lakini hapa mimi si fundi, ni mwombaji.
Nafuta ritifaa.

Angienda.
Kiswahili kinanikonyeza: angeenda.
Namtazama mwanamke huyo kwenye kioo cha kompyuta,
simjui, hanijui.

Labda yeye ndiye atie sahihi.