Jivu la Kumvi

Baba alikuwa na matanuri mawili ya matofali
yaliyotuna kama vichuguu ukingoni mwa mfereji, Sa Đéc,
na matumbo yao hayakuzijua kuni:
yalikula kumvi za mpunga usiku kucha,
nami ndiye niliyeyalisha kwa koleo.

Kumvi kilo tano huacha jivu kilo moja.
Tulilitupa majini.
Bi Thắm wa ng'ambo alitukana, mfereji ukameza yote mawili.

"Moto huzaa majivu," alisema Baba
siku niliporudi kutoka chuoni bila cheti,
wala hakuwa akiutazama moto.

Nilitembea na neno hilo kama kijiwe kiatuni.
Kisha nikaanza kuchekecha.
Jivu jeusi halifai, bado lina kinyongo cha mkaa;
nilitaka lile la kijivu, lililoungua likaridhika.
Nikalisaga kwa jiwe la marehemu Mama
hadi likateleza vidoleni.
Saruji nikaipunguza sehemu moja katika tano,
jivu likaketi pale.
Mahali pa kokoto nikatia povu jeupe
la maboksi ya samaki yaliyotupwa sokoni,
nimelipukuchua punje punje.

Wepesi wa nini? Nyumba yetu ilikuwa inazama.
Ardhi ya huku ni uji.
Kila mwaka matofali ya Baba, mekundu, mazito, ya kujivunia,
yalishuka unene wa kidole,
na mlango ukadai kukatwa tena kwa chini.

Mchemraba wa kwanza ulivunjika kama biskuti.
Wa pili, wa sita, sitaki kusimulia.
Wa kumi na moja niliulaza chini ya gunia bichi
siku ishirini na nane,
nikiunyunyizia asubuhi na jioni kama mche.
Nikaugonga. Ukajibu.

Nikampa Baba. Akaupima kiganjani.
"Huu mkate," akasema,
akautupa mferejini kwa mkono ule ule wa kutupia jivu.

Ukazama.
Ukaibuka.
Ukageuka ubavu, ukaelea katikati ya magugu maji,
ukapita gati la Bi Thắm
na mjukuu wake akapiga kelele: jiwe! jiwe linaogelea!
Mkono wa Baba ulikuwa bado hewani.

Hakusema kitu. Si mtu wa kusema.
Kulipokucha nilikuta gunia mlangoni pangu:
jivu, limechekechwa.
Limechekechwa vibaya, kumvi nzima nzima zimo,
pamoja na kitako cha sigara yake.

Nikamshukuru.
Alipotoka, nikachekecha upya.