Pazia

Wanasema macho hayana pazia.
Yangu yanalo.
Nimelilipia kwa mkopo wa miezi ishirini na minne,
dhamana ni cherehani ya dada
na kiwanja changu cha Nzuguni ambacho hakijapimwa,
mimi, mpima viwanja vya watu.

Nesi Wendo alinivisha kofia ya karatasi,
akaniuliza jina mara tatu, jicho gani mara tatu.
Yote mawili, nikasema.
"Najua. Nataka nikusikie ukisema."

Matone ya ganzi. Kibanio cha kope.
Kwa mara ya kwanza maishani
sikuweza kufumba macho mbele ya kitu ninachokiogopa.
Daktari akalifunua pazia,
jembamba kuliko utando wa ndani wa kitunguu,
akaliegesha pembeni,
na dunia ikawa uji.

"Tazama taa ya kijani."
Naitazama.
"Usiiache taa."
Taa imeyeyuka, dokta, limebaki dimbwi.
Kisha mashine ikaanza kutatarika
kama bisi kwenye sufuria ya jirani,
na harufu (hakuna aliyenionya kuhusu harufu)
ya unyoya wa kuku uliopitishwa motoni.
Ni mimi ninayeungua, nikawaza,
kipande changu kidogo,
kile kisichouona ubao.

Sekunde kumi na nne. Nilizihesabu.
Kwenye ya sita akaja Mwalimu Chilongani,
darasa la nne, Mvumi,
aliyenihamishia dawati la mbele
baada ya fimbo za muhula mzima.
Hakuomba radhi.
Alianza tu kuandika herufi kubwa zaidi,
akimaliza chaki mbili pale zamani alipotumia moja.

Agosti si mwezi wa kufungua macho Dodoma.
"Epuka vumbi," daktari alisema.
Mgeni huyo.
Huku vumbi haliepukwi, linasalimiwa.
Mbijima aliendesha bajaji mwendo wa maiti hadi Nkuhungu,
nami nimejitanda kanga kichwani, miwani myeusi ndani ya kanga,
machozi yakinitoka bila huzuni yoyote.
Usiku nililala na vikombe vya plastiki vimegandishwa usoni kwa plasta.
Watoto wa dada walikuja kunichungulia kwa zamu, kama chura.

Asubuhi, mjusi darini.
Niliona koo lake likipiga.
Nikalala palepale nikimtazama
mpaka chai ikapoa.

Mambo mengine sikuyaomba:
vumbi kwenye kila kigae nilichodhani nimekifagia,
mawe ya Mlima wa Simba, moja moja, hayana hata umbo la simba,
na kwenye kioo, pande mbili za pua yangu,
vishimo viwili, makaburi ya miaka ishirini na mitatu ya miwani.
Usiku kila taa ya barabarani ina pete yake.
Zitaondoka, wanasema. Au hazitaondoka.
Kazini nimechungulia darubini ya kupimia,
jiwe la mpaka limesimama wima kwenye ukungu wa joto,
nikakosea kusoma namba,
kwa sababu nililia.

Jumamosi mama akaja na mlenda mkavu kwenye mfuko wa sukari.
Nikaufungua mlango nikauona uso wake
bila kitu chochote katikati yetu.
Sikujua ana kovu chini ya nyusi.
Sikujua mboni zake zimeingia maziwa,
kulia zaidi ya kushoto.
Akanishika mashavu, akanisogeza kwenye mwanga,
akanitazama kwa muda mrefu.

"Umependeza," akasema. "Miwani mipya?"

Kidole changu kikapanda puani,
kikasukuma juu kitu kisichokuwepo.
Ndiyo, mama. Mipya.
Haina fremu.

"Basi hii usiikalie kama ile ya kwanza.
Mbuzi wameisha."