Kengele ya Msoma Mita

Baiskeli ya baba ilikaa stoo miaka sita,
imeegemea gunia la maharage lililokwisha zamani.
Foniksi nyeusi, fremu ya kiume,
mnyororo umekakamaa
kama ndugu wasiosemezana kwa ajili ya kihamba.
Tandiko limebonyea upande wa kushoto,
alama ya mzee Kundaeli, msoma mita za maji,
Njoro mpaka Kiboriloni, mvua na vumbi,
aliyejua nyumba ipi inavuja
na nyumba ipi inadanganya.

Nilisema siitoi.
Kaka yangu Anaeli akanijibu akiwa anatafuna:
"Kutu nayo ni mrithi, dada. Na haigawani na mtu."

Kisha likapita gari la matangazo, sauti ya kukwaruza:
Jumamosi ya mwisho wa mwezi, usafi wa mto.
Mwenye baiskeli isiyotembea ailete darajani.
Asiye nayo aje na mikono.

Siku hiyo mlima haukutoka.
Mto Njoro ulikuwa umelala chini ya blanketi la chupa,
kandambili zisizo na wenzake,
nepi, mifuko, kichwa cha mwanasesere kinachotazama juu.
Watoto wa Pasua waliingia hadi magotini
wakibishana nani kaokota kitu cha ajabu zaidi.
Pembeni, juu ya turubai, fundi Seuri
alizungusha gurudumu la baba, akatega sikio
kama mkunga.

"Breki nimeweka. Tairi la nyuma nimelitia kiraka.
Kengele springi yake imelegea,
inalia yenyewe ikipita shimo. Niitoe?"

Iache, nikamwambia.
Baba alikuwa akisema: inasalimia mashimo.

Kila gunia lililojaa lilipewa namba,
kila namba ikatumbukizwa kwenye ndoo.
Nikaomba kimya kimya apate kijana mrefu,
mwenye miguu kama ya baba,
hata mwendo, ikiwezekana, kama wa baba.

Arobaini na moja!

Akajitokeza Namkunda, muokota chupa,
mfupi, kitenge kimelowa mpaka kiunoni,
magunia saba peke yake.
Akaishika usukani kwa vidole viwili
kama mtu anayeshika chungu cha moto.
"Mimi kuendesha sijui," akasema,
na darajani pote watu wakacheka, na yeye akacheka nao.
Mwanamume mmoja akachomoa elfu sitini hapo hapo.
Namkunda akazitazama noti.
Akaitazama karia.
Akafungia magunia manne kwa mpira wa tairi,
akaanza kusukuma.

Niseme kweli: roho iliniuma.
Baiskeli iliyoheshimiwa mpaka na mbwa wa wazungu wa Shanty Town
leo punda wa chupa tupu!
Nilirudi nyumbani nikaosha miguu, sikula.

Wiki zikapita. Jioni moja, uwanja wa shule ya msingi,
nikaona mtu anayumba kama aliyekunywa mbege,
na binti wa miaka kama kumi anakimbia nyuma,
ameshika tandiko, anapiga kelele:
"Mama, tazama mbele! Usiitazame miguu!"
Akaanguka. Akajipangusa. Akapanda tena.
Sikusogea. Nilikuwa na mkate mkononi
na sikukumbuka nilikuwa naupeleka wapi.

Jana, kabla jua halijachomoza,
mama alikuwa jikoni anakoroga uji.
Nje, mbele ya geti letu, ikalia:
*krii... krii-krii.*

Mama akasimama, mwiko juu, uji unadondoka.
"Mita," akasema, kwa sauti ndogo. "Wamekuja kusoma mita."

Nikafungua dirisha. Gunia moja, mbili, tatu,
na juu yake mgongo mfupi, ulionyooka,
ukishuka kuelekea Rau bila kugeuka.

Lile shimo la mbele ya geti
baba alililalamikia mpaka anakufa.
Mwaka jana niliandika barua halmashauri,
mwaka juzi pia.
Mwaka huu sitawakumbusha.