Uzito wa Kabichi

Bwana mwenye hoteli alitaka milima,
theluji kileleni, mnara wa kanisa, tai mmoja.
Malipo ya mwanzo alishanipa, nami nilishayala.
Miezi mitatu turubai limenikodolea jicho jeupe
kama mdai aliyekaa sebuleni na hataki chai.

Jumamosi nikatoka kununua vitunguu.
Soko la Kutaisi, Novemba, ukungu wa mto Rioni
umepanda ngazi na kuingia bila kulipa ushuru.
Sikwenda kutafuta kitu. Hilo nataka lieleweke.
Nilikuwa na lari saba na soksi iliyolowa.

Jumberi alikuwa anamenya liki zake,
anazivua makoti yaliyooza, moja baada ya jingine,
na chini ya kila koti kijani kikazidi kupauka
hadi kufika pale pasipo kijani wala weupe,
pale ambapo mimi, na mirija yangu arobaini ya rangi,
sina jina la kupaita.

Nikasimama. Mtu akanipiga kikumbo na gunia la jozi.
Bitiruti zilikuwa bado na udongo masikioni.
Na bilinganya lile: jeusi, nikasema, jeusi tu,
kisha muuza jibini akawasha taa yake
likawa zambarau, likawa bluu kiunoni,
na begani likabeba dirisha zima la soko
na mimi ndani yake, mdogo, nimejifunga skafu.

"Eteri, unanunua au unazipigia ramli?"
Lamara huyo, ngumi kiunoni.
Nikanunua kabichi. Vitunguu nikavisahau.

Siku nne niliichora kwenye kibao kidogo.
Kila mshipa, kila mkunjo,
jani la nje lililotobolewa na kiwavi:
matundu saba, niliyahesabu mara mbili.
Vazha mume wangu akala mkate mkavu siku nne,
akauliza kwa adabu
marehemu atazikwa lini.

Siku ya tano nikaipeleka picha sokoni, rangi mbichi.
Lamara akajifuta mikono kwenye aproni,
akaikagua kama anavyokagua noti ya hamsini,
mbele, nyuma, kwenye mwanga.
"Matundu yako sawa. Kiwavi huyo namjua."
Kisha akaiweka juu ya mizani.

Nusu kilo kasoro.

"Niliyokuuzia ilikuwa kilo mbili na robo.
Zilizobaki umezipeleka wapi?"

Jumberi alicheka mpaka akakaa juu ya kreti.
Mimi nilicheka mwisho, na si sana,
maana mizani haikukosea.
Nilikuwa nimechora ngozi.
Nilisahau kwamba kabichi hukaa,
kwamba meza inajua imekaliwa.

Nikanunua nyingine. Mfuko nikaukataa.
Nikaipakata kwa mkono wa kulia, mkono wa brashi,
daraja zima, kisha kilima,
kisha ngazi sitini na mbili, lifti imekufa tangu Pasaka,
baridi yake ikipenya sweta hadi mbavuni,
kiwiko kikilalamika, vidole vikiingia ganzi.

Koti sikulivua.
Kibao kilikuwa kimekwisha, nikageukia turubai la hoteli
na nikaanza na kivuli. Chini kabisa,
pale inapogusana na meza: mstari mmoja mnene,
zambarau iliyochanganywa na udongo,
uliovutwa na mkono unaotetemeka
kwa sababu mkono huo ulikuwa unajua.

Usiku ulipoingia kabichi ilikuwa imejaza turubai,
bega hadi bega, na bonde la kijani kati ya majani,
na weupe juu ambao sikuupanga.

Vazha akachungulia, kijiko mkononi.
"Na tai?"

Sikumjibu. Juu ya ile ya kweli, pale mezani,
kiwavi alikuwa ametoka kwenye mkunjo
na anapanda, taratibu, kuelekea kileleni.